Video ya kuchekesha inapomuuzia mwanaume dawa

Pita kwenye kijiwe chochote cha toyo, yaani bodaboda, hapa Arusha saa za mchana, abiria wakiwa wachache, iwe Sanawari, Mianzini au Kwa Mrombo, utakuta simu moja imezungukwa na vichwa vinne. Kwenye kioo kuna jamaa wa suti anatembea kwa madaha mbele ya wasichana, uso juu, mguu unaelekea kwenye mtaro ulio wazi. Kila mtu anajua kitakachotokea na kila mtu anasubiri. Jamaa anatumbukia, kijiwe kizima kinaangua kicheko, na kabla kicheko hakijaisha picha inabadilika: chupa ya mafuta ya kuotesha ndevu, au kopo la unga wa mizizi, namba ya simu kwa maandishi mekundu, na sauti inayosema tunatuma mikoa yote. Mwenye simu anairusha kwenye grupu la WhatsApp la kijiwe. Jioni klipu imeshafika Usa River na Monduli, na mwenye kopo hajalipia tangazo hata shilingi moja.

Nina jambo moja la kusema juu ya video hizi. Kicheko ni njia halali ya kumuuzia mwanaume kiatu, mkanda, saa, raba au pafyumu. Kikitumika kumuuzia kitu kinachoingia kwenye damu yake, kinamnyang'anya nafasi ya kuuliza maswali, na wapo wanaume wa mji huu wanaoumia kwa sababu hiyo, kimyakimya, kwa kuwa aibu ya kusema ni kubwa kuliko maumivu.

Sisemi hivi kwa kuzichukia. Nazipenda na sitaki mtu azipige marufuku. Kili Paul na dada yake Neema, vijana wa Kimasai kutoka mkoa wa Pwani, walianza kwa simu ya kawaida na shuka zao begani, wakaigiza nyimbo za Kihindi huku ng'ombe wakionekana nyuma, na Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, akawataja katika hotuba yake ya redio. Hakuna aliyewatengenezea studio. Kijana wa Ngarenaro akiona hivyo anapata sababu ya kuamini kwamba kipaji chake kinaweza kuvuka mpaka bila kumbembeleza mtu, na imani hiyo ina thamani.

Biashara nayo inanufaika. Chukua katambuga. Miaka mingi kilikuwa kiatu cha wachungaji na watu wa kipato cha chini, leo kijana wa Njiro anakivaa na jinzi akienda kwenye nyama choma. Ukikaa karibu na fundi wake utaona jinsi anavyochana tairi kuukuu kwa kisu kilichonolewa mpaka kikawa chembamba, anapaka maji ili kisu kiteleze, anapigilia misumari midogo kisha anaikunja ncha kwa nyundo isije ikamchoma mvaaji. Mtu akimrekodi fundi huyo anabishana na mteja mwenye unyayo mkubwa kuliko tairi, watu watacheka, wataitumiana, na kiatu kitauzwa. Mnunuzi akidanganywa, hasara yake ni kubanwa vidole. Kesho atarudi kugombana na fundi na watapatana. Kicheko cha namna hiyo sina ugomvi nacho hata kidogo.

Sasa mtazame mwanaume huyohuyo akinunua jaketi la mtumba Kilombero, au Memorial kwa ndugu zetu wa Moshi. Analigeuza ndani nje. Anavuta zipu juu na chini mara mbili. Anaangalia kola kama imechakaa, ananusa kwapa, anainua mkono wa jaketi juani kutafuta tundu, anakwangua doa kwa ukucha. Muuzaji anataja elfu ishirini na tano, yeye anataja kumi, anaweka jaketi chini na kuondoka polepole akijua ataitwa. Huyu si mtu wa kudanganywa kirahisi. Lakini usiku, amelala kitandani, mwanga wa simu usoni, anatuma elfu thelathini na tano kwa namba asiyoijua, kwa ajili ya chupa ambayo hajaishika, haina jina la kiwanda, wala hajui ndani mna nini. Hapunguzi bei hata mia.

Nimejiuliza sana kinachombadilisha kati ya mchana na usiku. Kicheko kina sehemu yake, maana mtu aliyetoka kucheka amelegea, na aliyemchekesha anakuwa tayari kama rafiki. Lakini naona uzito mkubwa uko kwenye faragha. Jaketi linanunuliwa mbele za watu na hakuna anayeshangaa. Kidevu kisichoota, kipara kinachoanza, kitambi, na mambo ya chumbani, hayo mwanaume hayapeleki sokoni. Hata duka la dawa la mtaani hapeleki, kwa sababu anayehudumu pale ni binti wanayesali naye kanisa moja, au mtoto wa jirani. Simu haimjui mtu. Muuzaji wa kwenye video amelielewa hilo kuliko hospitali zetu, ndiyo maana anaandika kwa herufi kubwa kwamba siri ya mteja inatunzwa.

Mitandao yenyewe inasukuma mzigo huo bila kujua umebeba nini. TikTok ilianza kusambaa nje ya China mwaka 2017, ikaunganishwa na Musical.ly, mtandao mwingine wa video fupi, Agosti 2018, na Instagram ikaja na Reels, sehemu yake ya video fupi, mwaka 2020. Zote zinaangalia mambo yaleyale: umetazama kwa muda gani, umerudia, umemtumia mwenzako. Klipu ya mtaroni inatazamwa hadi mwisho na kurudiwa, kwa hiyo inapelekwa kwa watu wengi zaidi, na kopo lililo mkiani linasafiri nayo. Hakuna mahali mtambo unapouliza kama kopo linatibu. Mara nyingi aliyetumbukia mtaroni hata hahusiki. Klipu imeibwa kwa mchekeshaji wa Nigeria au wa Dar es Salaam, jina lake limefunikwa, namba ya muuzaji imebandikwa juu, na mwenye jasho hapati chochote.

Kuuza kwa kuchekesha hakukuanzia kwetu, na waliotutangulia walifanya kwa namna inayofaa kuangaliwa. Old Spice, chapa ya manukato ya Marekani, ilikuwa bidhaa ya mwaka 1937 kwa wanawake, ya wanaume ikaja 1938, na ilipofika miaka ya 2000 vijana wa Marekani waliiona ni harufu ya mababu. Mwaka 2010 kampuni ikamweka Isaiah Mustafa, mchezaji wa zamani wa mpira wa Kimarekani, kwenye tangazo la sabuni ya kuogea, amefunga taulo, anaongea bila kupumua huku bafu likigeuka boti na boti likigeuka farasi. Alizungumza na wanawake, kwa hesabu kwamba wao ndio wanaonunua sabuni za waume zao. Dunia nzima ilicheka, na chapa ya mababu ikarudi midomoni mwa vijana.

Miaka miwili baadaye, Machi 2012, Michael Dubin, mtu aliyejifunza uchekeshaji wa papo kwa papo huko New York, alitoa video ya dakika moja na nusu hivi akitembea ghalani na kuuza nyembe za kutumwa kwa posta kila mwezi. Ilimgharimu takriban dola 4,500. Ndani ya siku 2 wateja 12,000 walikuwa wamejiandikisha, na mwaka 2016 kampuni kubwa ya Unilever iliinunua kampuni yake, Dollar Shave Club, kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa dola bilioni 1. Tazama jinsi alivyoanza: alijitaja jina, akataja kampuni, akataja bidhaa, akataja kwamba bei inaanzia dola moja kwa mwezi. Kichekesho kilikuja juu ya maelezo hayo. Mtazamaji alijua tangu mwanzo kwamba anauziwa, nani anamuuzia, na akikasirika amtafute wapi. Klipu ya kijiweni inafanya kinyume chake. Inakuchekesha kwanza, inaficha muuzaji hadi mwisho, na muuzaji mwenyewe ni tarakimu kumi tu.

Hata pale bidhaa ni halali na inajulikana, video ya nchi nyingine inaweza kumpotosha mwanaume wa hapa. Nyembe ni mfano mzuri. Kampuni ya Gillette ilitoa wembe wa makali mawili sambamba mwaka 1971, matatu mwaka 1998 kwa jina Mach3, na matano mwaka 2006 kwa jina Fusion. Kila ongezeko lilitangazwa kama ushindi, na kwenye picha kuna mzungu mwenye nywele zilizonyooka anapapasa shavu laini. Makali yale yanavuta unywele na kuukata chini ya usawa wa ngozi. Kwa mwenye nywele zilizonyooka ni raha. Kwa sisi wenye nywele za kujikunja, unywele ukiota tena unajipinda na kuichoma ngozi, na hapo ndipo vipele vya ndevu vinapotoka, vinavimba, vinaacha mabaka meusi shingoni. Tatizo hili linawapata wanaume weusi zaidi ya wengine, na linajulikana kiasi kwamba kwa miaka mingi jeshi la Marekani liliwapa askari wenye nalo ruhusa ya kutonyoa hadi kwenye ngozi.

Kinyozi wa Kaloleni anajua yote hayo bila kusoma popote. Nimemwona mmoja akimshika kijana kidevu, akapitisha kidole gumba chini ya taya kinyume na uelekeo wa nywele, akasimama kwenye kipele, akamwambia: mdogo wangu, wewe wembe uache, nitakupitishia mashine tu, na usirudi kabla ya wiki. Akafuta meno ya mashine kwa spiriti, akaiwasha. Ushauri ule ulikuwa ndani ya bei ya kunyoa. Ukutani kwake, juu ya kioo, televisheni ilikuwa inacheza video za wanaume wa Ulaya na ndevu zao za kuchanwa, na wateja wanne walikuwa wanaitazama hiyo kuliko kumsikiliza yeye.

Kijana yule ni wa miaka ishirini na ushee na anataka ndevu. Wengi wa rika lake wanazitaka, na soko limewasikia. Kinachouzwa sana kwa kuotesha ndevu ni minoksidili, ambayo historia yake ingepaswa kuandikwa kwenye kila chupa. Ilikuja kama kidonge cha shinikizo la damu, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1979. Wagonjwa wakaanza kuota nywele wasipotarajia, na mwaka 1988 ikaidhinishwa kwa jina la Rogaine kama dawa ya kupaka kwenye kichwa chenye kipara. Idhini ile ilikuwa ya kichwa. Kwenye uso inatumiwa na wengi, na wapo wanaopata matokeo, lakini ni dawa ya mishipa ya damu inayopenya ngozi: inaweza kuwasha na kukausha uso, na kwa baadhi ya watu inaleta kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Ukiacha, nywele ilizozisukuma huweza kupukutika. Kijana anayeuziwa "mafuta ya asili ya ndevu" yenye minoksidili ndani haambiwi hata moja kati ya hayo. Wala haambiwi kwamba ndevu ni suala la ukoo na homoni, na kwamba wengi huendelea kujaza kidevu hata baada ya kufika miaka 25. Angesubiri bure.

Nimefika kwenye eneo linaloniuma zaidi. Kopo la unga wa nguvu za kiume, liwe linaitwa vumbi la Kongo au jina lolote jingine, ndilo linalouzwa kwa vichekesho kuliko bidhaa zote. Mke anagombana na mume, mume anakunywa uji wenye unga, kesho yake mke anapika maandazi anaimba. Watu wanacheka, na kila mwanaume mwenye wasiwasi amejiona pale.

Dawa halisi ya tatizo hilo ipo. Sildenafili, iliyopewa jina la Viagra, ilifanyiwa utafiti na kampuni ya dawa ya Pfizer katika mji wa Sandwich, Uingereza, kwa ajili ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Kwenye moyo haikufanya walichotarajia, ila wanaume waliojaribishiwa walieleza jambo jingine, na Machi 1998 ikaidhinishwa Marekani kwa jambo hilo. Inafanya kazi kwa kutanua mishipa. Ndiyo maana mtu anayetumia dawa za nitreti kwa ajili ya kifua hapaswi kuigusa kabisa: zikikutana, shinikizo la damu linaweza kuporomoka hadi mtu akafa. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imekuwa ikitoa onyo baada ya onyo kuhusu bidhaa zinazoitwa za asili ambazo zikipimwa maabara zinakutwa na sildenafili iliyofichwa ndani. Mtengenezaji anasaga vidonge, anachanganya na unga wa mizizi, na mteja anasifu mizizi. Unga ukifanya kazi ndani ya saa moja, hiyo ndiyo sababu ya kuutilia shaka.

Hata asipopata madhara yoyote, mwanaume huyu amepoteza kitu. Mfikirie mtu wa miaka 45, anaendesha gari kutwa, mkanda umesogea matundu mawili. Nguvu zinapungua. Madaktari wa moyo wanaichukulia hali hiyo kama ishara ya mapema, kwa kuwa mishipa ya huko chini ni myembamba kuliko ya moyo, na uharibifu unaoanza mwilini kote huonekana pale kwanza, pengine miaka kadhaa kabla ya kifua kuanza kuuma. Kisukari nacho hujitokeza kwa njia hiyohiyo. Mwili umepiga kengele. Angekwenda hospitali ya Mount Meru au kituo cha afya cha kata, wangempima presha na sukari kwa dakika chache. Amecheka, amenunua kopo, kengele imezimwa, na presha yake inaendelea kupanda bila mtu kuijua. Hilo ndilo linalonifanya niandike.

Sitaki mtu adhani nadharau tiba za kwetu. Supu ya Kimasai yenye magome ya olkiloriti imelisha na kuimarisha watu wa ukanda huu vizazi na vizazi, na mzee anayekaa na mizizi yake kwenye gunia pembeni ya soko ana uso, ana jina, kesho utamkuta palepale. Anakuuliza unaumwa nini kabla ya kukupa. Mwenye kopo la kwenye video hakuulizi kitu, labda mkoa uliopo ili ajue gari gani libebe mzigo.

Mkoa wetu unaijua nguvu ya habari inayokimbia kuliko uthibitisho. Mwaka 2011 watu kutoka pande zote za nchi na nchi jirani walijaza barabara za vumbi hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila. Wapo waliofia kwenye foleni, na wapo walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Wakati ule habari ilikwenda kwa mdomo, magazeti na ujumbe wa simu, na angalau wote walikuwa mahali pamoja, wanaonekana, gari la wagonjwa linaweza kufika. Leo kila mtu anakunywa kikombe chake chumbani peke yake.

Sheria zipo. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, inasimamia dawa na matangazo yake. Vipodozi, yakiwemo mafuta na krimu za uso, vilihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Tiba za asili zina baraza lake la kuzisajili, chini ya sheria ya mwaka 2002. Lakini mkaguzi anakagua duka lenye mlango, na klipu haina mlango. Kopo likikamatwa leo, namba inabadilishwa, klipu nyingine inaibwa, biashara inaendelea Jumatatu. Kwa hiyo mimi macho yangu yako kwa wachekeshaji wenyewe, vijana wetu wanaorekodi mitaa ya Unga Limited na Sakina wakiwa na simu moja na taa ya kuazima. Wao ndio wanaofuatwa inbox na wenye makopo, kwa sababu watazamaji wanawaamini. Najua pesa hiyo inatamanisha, maana kutazamwa na watu laki mbili hakulipi kodi ya chumba, na aliyeahidi laki moja kwa sekunde tano za mwisho anaonekana mkombozi.

Kwenu nyinyi ndugu zangu naomba mawili. Tangazo likiwa la kulipwa, liseme hivyo mwanzoni kabisa, pamoja na jina la anayeuza, kama alivyofanya Dubin na bado akacheka hadi benki. Na akija mtu na dawa ya kunywa au ya kupaka, mwombeni namba ya usajili kabla hamjafika kwenye malipo, kisha iulizieni TMDA, TBS au Baraza la Tiba Asili kulingana na bidhaa ilivyo. Akikwepa, mrudishieni kopo lake. Wauza raba wa mjini, mafundi wa katambuga, washona suti na vinyozi wanahitaji watu wa kuwatangaza, na wengi wao hawajawahi kuombwa hata mara moja.